Mabingwa wawili wa 2003: hesabu ilipindia wapi?

*Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kule Baton Rouge, na anakaa chumba kimoja na kijana wa Los Angeles. Wamebishana mpaka karibu wanuniane juu ya ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Mdogo wangu anasema chuo chake ndicho kilichochukua ubingwa wa Marekani msimu wa 2003. Mwenzake anasema ni USC, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Nikaingia mtandaoni niwaamue, nikakuta vyuo vyote viwili vimeandikwa mabingwa wa msimu huohuo. Wengine wanasema kompyuta ndiyo iliyoharibu. Inakuwaje ligi moja iwe na mabingwa wawili? Kompyuta ilikosea wapi? Na nimwambie bingwa ni nani?*
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Umeandika "ligi moja", na hapo ndipo ulipokwama. Hakuna ligi moja.

Sisi tumezoea msimamo. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila timu inakutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30, halafu unasoma jedwali kuanzia juu. Anayebisha anaonyeshwa pointi. Futiboli ya vyuo ya Marekani, daraja la juu, mwaka 2003 ilikuwa na timu zaidi ya 110, na kila timu ilicheza mechi 12 au 13 hivi. Ni mchezo wa kugongana mifupa. Hauchezwi Jumatano na Jumamosi. Kwa hiyo timu nyingi hazionani kabisa. Vyuo vimejigawa katika makundi ya kikanda: LSU, chuo cha mdogo wako, kiko SEC ya kusini-mashariki, USC wakati huo walikuwa Pac-10 ya pwani ya magharibi, Oklahoma, ambao wataingia kwenye kisa hiki muda si mrefu, walikuwa Big 12 ya katikati ya nchi. Kila kundi lina bingwa wake. Juu ya makundi hayo hakukuwa na kitu.

Nasema hakukuwa na kitu kwa maana kamili. Chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinatoa ubingwa wa kikapu, wa riadha, wa kuogelea, hata wa futiboli ya madaraja ya chini. Futiboli ya daraja la juu hakijawahi kuitolea kombe. Kombe hili halina TFF yake. Tangu 1936 waandishi wa habari wamekuwa wakipiga kura iliyo chini ya shirika la habari la Associated Press (AP), na tangu 1950 makocha nao wana kura yao. Anayeongoza kura mwishoni ndiye huitwa bingwa wa taifa. Kura mbili, wapiga kura tofauti, na mara nyingine majibu mawili: ilitokea 1990, ikatokea 1991, ikatokea 1997.

Utauliza kwa nini wasiwakutanishe tu wa kwanza na wa pili. Kikwazo kilikuwa zile mechi za mwaka mpya ziitwazo bowl, yaani bakuli, kwa sababu ya umbo la viwanja. Kila bowl ilikuwa na wenyewe, mji wake na mkataba wake na makundi yake. Rose Bowl ya kwanza ilichezwa 1902, na kwa miongo mingi ilikuwa ya bingwa wa pwani ya magharibi dhidi ya bingwa wa Big Ten, kundi jingine la kikanda, hata kama mshindani anayefaa alikuwa anacheza Florida saa hiyohiyo. Mwaka 1998 wakubwa wakakubaliana juu ya mfumo uliojulikana kama BCS: hesabu ingetoa timu mbili za juu, nazo zingecheza mechi ya mwisho. Makocha waliafiki kwamba katika kura yao ya mwisho namba moja ni mshindi wa mechi hiyo. Waandishi hawakutia saini chochote. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sasa msimu wenyewe. Oklahoma walikuwa moto. Waliwafumua mahasimu wao Texas 65–13, wakafika Desemba wakiwa na ushindi 12 bila kupoteza, na mrusha mpira wao Jason White alikuwa njiani kuchukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. USC ya kocha Pete Carroll ilikuwa imepoteza moja tu, Septemba, ugenini Berkeley mbele ya California, 34–31, tena baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. LSU ya Nick Saban nayo ilikuwa na doa moja: Oktoba, nyumbani kwao Baton Rouge, Florida waliwafunga 19–7. Kabla ya Jumamosi ya mwisho BCS ilisoma hivi: Oklahoma wa kwanza, USC wa pili, LSU wa tatu.

Jumamosi hiyo ilikuwa 6 Desemba 2003. USC waliwachapa Oregon State 52–28. LSU waliwachapa Georgia 34–13 katika fainali ya kundi lao, Atlanta. Oklahoma walicheza fainali ya Big 12 jijini Kansas City dhidi ya Kansas State. Wakatangulia 7–0. Baada ya hapo hawakupata pointi nyingine hata moja, na Kansas State wakaporomosha 35 mfululizo. Mkimbiaji wao Darren Sproles, kijana mfupi ambaye mabeki walikuwa wanamtafuta kama sindano kwenye mchanga, alikimbia yadi 235 peke yake.

Kesho yake waandishi walikaa, makocha wakakaa, na kura zote mbili zikasema jambo moja: USC wa kwanza, LSU wa pili, Oklahoma wa tatu. Kisha ikatoka hesabu ya BCS: Oklahoma wa kwanza, LSU wa pili, USC wa tatu. Tafakari kidogo. Oklahoma alifungwa kwa tofauti ya pointi 28 na hakusogea hata hatua. USC alishinda kwa tofauti ya 24 akashuka. Na yule aliyepewa nafasi ya kwanza ya kugombea ubingwa wa taifa hakuwa bingwa hata wa kundi lake. Ubingwa wa Big 12 ulikuwa mikononi mwa Kansas State.

Hapa ndipo watu husema kompyuta iliharibu. Mimi naona tofauti, na ili tuelewane inabidi uchukue kalamu.

Hesabu ya mwaka ule ilikuwa na vipande vitano, na kama kwenye gofu, mwenye namba ndogo ndiye bora. Kipande cha kwanza ni wastani wa nafasi katika kura mbili: USC 1, LSU 2, Oklahoma 3. Cha pili ni wastani wa kompyuta. Zilikuwa saba; kwa kila timu, ile iliyoipa nafasi mbaya kuliko zote ilitupwa, zikabaki sita. Oklahoma 1.17, LSU 1.83, USC 2.67. Cha tatu ni ugumu wa ratiba: nafasi ya timu katika orodha ya waliocheza na wapinzani wagumu, ikigawanywa kwa 25. Oklahoma walikuwa wa 11, ikawa 0.44. LSU wa 29, ikawa 1.16. USC wa 37, ikawa 1.48. Cha nne ni idadi ya mechi ulizopoteza, na wote watatu walikuwa na 1. Cha tano ni punguzo kwa aliyemfunga mkubwa aliye ndani ya kumi bora ya BCS yenyewe. Oklahoma walipata punguzo la 0.5 kwa kuwafunga Texas, waliokuwa wa sita. LSU na USC hawakupata kitu. Jumlisha: Oklahoma 5.11, LSU 5.99, USC 6.15.

Kati ya LSU na USC kuna 0.16 tu. Hiyo ni sawa na nafasi nne kwenye orodha ya ugumu wa ratiba. USC wangekuwa wa 32 badala ya wa 37, wangecheza fainali wao. Na orodha hiyo ilikuwa inategemea matokeo ya watu wengine kabisa: inapima rekodi za wapinzani wako, na rekodi za wapinzani wa wapinzani wako. USC msimu ule waliwahi kuwafunga Hawaii na Notre Dame. Jumamosi ileile ya 6 Desemba, Hawaii walifungwa na Boise State kule Honolulu, 45–28, na Notre Dame wakachapwa na Syracuse 38–12. Vijana wa USC walikuwa kwao Los Angeles wamemaliza kazi yao, na namba zao zilikuwa zinaliwa visiwani na kaskazini mwa New York.

Lakini hilo ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya haiwezi kuitwa kosa. Kosa liko kwenye kipande cha tatu chenyewe. Kompyuta zile saba, kila moja kwa njia yake, zilikuwa *tayari* zinapima ugumu wa wapinzani. Ndiyo kazi yao. Kisha BCS ikachukua ugumu uleule ikauhesabu tena pembeni. Ni kama muuza duka anayepima sukari pamoja na mfuko, halafu anakudai na bei ya mfuko. Vilevile kipande cha tano: kumfunga Texas kulishaonekana kwenye kompyuta, kukaonekana kwenye kura, kukalipwa mara nyingine.

Hebu toa hivyo viwili vilivyohesabiwa mara mbili uone. Ukitoa ugumu wa ratiba peke yake, Oklahoma wanabaki na 4.67, USC 4.67, LSU 4.83. Umeona? Aliyetoka nje ni LSU. Ukitoa punguzo la Texas peke yake, Oklahoma wana 5.61 na bado ni wa kwanza. Toa vyote viwili: USC 4.67, LSU 4.83, Oklahoma 5.17. Fainali ni USC na LSU, ileile ambayo waandishi na makocha waliitaka, na kompyuta bado zimo ndani ya hesabu. Kwa hiyo yule kijana wa Los Angeles akisema "kompyuta ndiyo iliyotunyima haki yetu", mwambie ni meza ya waliotengeneza kanuni ndiyo iliyoipa Oklahoma ile nafasi. Mashine zilijibu swali zililoulizwa.

Na swali lenyewe lilikuwa limekatwa ulimi. Baada ya msimu wa 2001, ambapo Nebraska walipelekwa fainali licha ya kubamizwa na Colorado 62–36, wakubwa waliamua kompyuta zisiangalie tena tofauti ya pointi. Nia yao ilikuwa njema: walihofia makocha wataendelea kuwakandamiza wanyonge dakika za lala salama ili kupendeza mashine. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2003 kompyuta ilipotazama 35–7 ya Kansas City na 34–31 ya Berkeley, iliona kitu kimoja: mechi moja imepotea. Haikuona vipindi vitatu vya nyongeza. Haikuona uwanja uliokuwa unaondokewa na mashabiki wa Oklahoma.

Kompyuta pia haina kalenda. Binadamu anayo, na hapo sina hakika binadamu ndiye mwenye haki. Ukipoteza Septemba, kufikia Desemba umesamehewa. Ukipoteza Desemba, kidonda kibichi. Kama Kansas State wangewachapa Oklahoma 35–7 mwezi Septemba, kisha Oklahoma wakashinda zote zilizobaki, nadhani waandishi walewale wangewaweka wa kwanza bila kupepesa. Kwa mantiki kavu, mechi ya mwezi wa tisa na ya mwezi wa kumi na mbili zina uzito mmoja. Ninachoshindwa kukimeza kuhusu Oklahoma ni kwamba iliyopotea ilikuwa fainali ya kundi lao. Ukishindwa kuwa wa kwanza nyumbani kwako, foleni ya taifa ina watu mbele yako. Na USC na LSU wote walikuwa mabingwa wa makundi yao.

Basi. Siku ya kwanza ya Januari 2004 USC walicheza Rose Bowl, Pasadena, mwendo mfupi tu kutoka chuoni kwao, dhidi ya Michigan walioshika nafasi ya nne. Wakashinda 28–14. Mrusha mpira wa Michigan aliangushwa na mpira mkononi mara tisa. Matt Leinart wa USC alirusha pasi tatu za kufunga, halafu kwenye mchezo wa kiini macho mshikaji wake Mike Williams akamrushia yeye, naye akadaka na kufunga. Siku tatu baadaye LSU walicheza Sugar Bowl, iliyokuwa zamu yake kuwa fainali, ndani ya Superdome ya New Orleans. Kutoka Baton Rouge ni saa moja na ushee kwa gari. Walinzi wa LSU waliwabana Oklahoma wakaambulia yadi 154 mchezo mzima, na beki mnene Marcus Spears akadaka pasi ya White akakimbia nayo mpaka kufunga. 21–14. Kwa hiyo kila bingwa alitawazwa karibu na jikoni kwa mama yake. Maandamano ya furaha hayakugongana popote.

Zikaja kura. Sasa lile la saini. Makocha, kwa makubaliano yao, ilibidi waipe LSU namba moja: 60 waliipa. Watatu waligoma wakaandika USC: Lou Holtz wa South Carolina, Mike Bellotti wa Oregon na Ron Turner wa Illinois. Waandishi hawakufungwa na yeyote, na kati ya 65 waliopiga kura ya AP, 48 walisema USC, 17 wakasema LSU. LSU wakachukua mpira wa kioo wa makocha, taji lao la kwanza la taifa tangu 1958. USC wakachukua kombe la AP, taji lao la kwanza la taifa tangu 1978.

Hizo 17 za waandishi zinanivutia kuliko zile 60. Za makocha zilikuwa za lazima. 17 zilitolewa na watu huru, walioamua wenyewe bila kufungwa na saini yoyote. Na hata hivyo walikuwa wachache.

Kuna jambo utakalokutana nalo humo mtandaoni, nalitengua mapema. Utasoma kwamba USC "walinyang'anywa ubingwa". Huo ni wa msimu uliofuata, 2004, walipowatandika Oklahoma 55–19 kwenye fainali. Baadaye NCAA iligundua kwamba mkimbiaji Reggie Bush alipokea manufaa yaliyokatazwa, na mwaka 2011 BCS ikafuta taji hilo; AP hawakufuta la kwao. Adhabu hiyo inaanzia mechi za Desemba 2004. Taji la 2003 halikuguswa, kwa hiyo mdogo wako asilitumie hilo kwenye ubishi, atachekwa.

Kuhusu mfumo, waliurekebisha haraka. Kuanzia 2004 vipande vya ugumu wa ratiba, idadi ya vipigo na punguzo vikatupwa vyote. Ikabaki kura ya waandishi, kura ya makocha na kompyuta, theluthi kwa theluthi kwa theluthi. Wakashusha pumzi, na msimu huohuo Auburn wakashinda mechi zote 13 bila kuruhusiwa kuonja fainali, maana USC na Oklahoma nao hawakuwa wamepoteza. Nafasi mbili, timu tatu. Hapo hakuna hesabu ya kukuokoa. Desemba 2004 AP wakaiambia BCS iache kutumia kura yao. Mwaka 2014 ikaja kamati ya watu 13 na nafasi nne, na 2023 kamati hiyo ikawaacha nje Florida State wenye ushindi 13 bila doa, kwa sababu mrusha mpira wao Jordan Travis alikuwa amevunjika mguu. Kutoka 2024 nafasi ni 12.

Umeniuliza nani bingwa. Wote wawili, na sisemi hivyo kukwepa. Taji hili hutolewa na wapiga kura. Vyombo viwili vilivyotambuliwa kwa miongo kadhaa vilitoa mataji mawili, na hakuna mahakama ya rufaa juu yao. Ukinibana nichague upande mmoja: nilimtazama zaidi aliyepita njia ngumu, na ratiba ya LSU ilikuwa ngumu kuliko ya USC, japo si kwa kiasi kilichostahili kuhesabiwa mara mbili. Lakini aliyedhulumiwa nafasi ni USC, na aliyeikalia ni Oklahoma, siyo LSU. Hao vijana wawili wa chumba kimoja wanagombana wao kwa wao wakati mwenye deni yuko Norman, Oklahoma.

Na kama wanataka uwanja ndio uamue, ulishapata nafasi yake, miaka ikiwa imeshapita zaidi ya 20. LSU na USC walikutana Las Vegas tarehe 1 Septemba 2024, wachezaji wengi wakiwa hawajazaliwa msimu ule au ni watoto wa kubebwa. USC walishinda 27–20. Hilo mdogo wako analijua, ila naona hakukutajia.